Nyumba Iliyouzwa kwa Kunyamaza

Wakati wa mvua zilizopita mzee mmoja wa kijiji chetu alinijia jioni, akitaka nimwandikie hati ya kuuza nyumba yake. Mnunuzi alikwisha kupatikana, na bei walikwisha kupatana. Tulipomaliza kuandika mipaka na idadi ya vyumba, nilimwuliza, "Mzee wangu, na lile dai la jirani yako?" Maana wengi tulijua ya kuwa maji ya paa lake huanguka karibu na ukuta wa jirani, na ukuta ule umepasuka. Akanijibu, "Mwalimu, hilo usiliandike. Mnunuzi hakuniuliza."

Niliweka kalamu chini, nikamsimulia habari za mji wa Roma. Leo nawasimulia ninyi pia, kwa kuwa neno lile, "hakuniuliza," lilikwisha kupimwa mbele ya mwamuzi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mnamo mwaka 451 na 450 kabla ya kuzaliwa Kristo, Warumi waliandika sheria zao za kwanza, nazo zikaitwa Sheria za Mbao Kumi na Mbili. Walikuwa bado watu wa mashamba na mifugo, na mengi katika sheria hizo yahusu ujirani. Kila mwenye nyumba aliagizwa kuacha nafasi ya futi 2½ kuizunguka nyumba yake, hata kati ya nyumba mbili iwepo njia ya futi 5. Matunda ya mti yakianguka katika shamba la jirani, mwenye mti aliruhusiwa kuyaokota. Tena mtu akigeuza mwendo wa maji ya mvua kwa kazi ya mikono yake, maji yakamdhuru jirani shambani, jirani aliweza kumshtaki. Basi mwaona ya kuwa ugomvi wa maji ya mvua haukuanza kwetu.

Baadaye mji ukawa mkubwa, nyumba zikasongamana, na kuta mbovu zikawa hatari. Ndipo hakimu mkuu wa mji, aliyeitwa praetor, akaweka kanuni ya hasara isiyotokea bado. Jirani akiona ukuta wa mwenziwe unainama, hakulazimika kungoja mpaka umwangukie. Alikwenda kwa praetor, naye mwenye nyumba akatakiwa kutoa ahadi ya kwamba hasara ikitokea atailipa. Akikataa, jirani alipewa amri ya kuingia katika nyumba ile ailinde. Akizidi kushupaa, amri ya pili ilimtoa kabisa mwenye nyumba. Lakini jirani aliyeona hatari akanyamaza, hata nyumba ikaanguka, hakuwa na haki ya kudai fidia. Ila mwenye nyumba akitaka kuchukua mawe yake na miti yake iliyofaa, ilimpasa kuondoa na kifusi chote pamoja. Hekima ya kanuni hii ni ile ile ya wazee wetu wasemao, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dai likisemwa mapema huwa dogo, na likifichwa hukua.

Sasa nije kwenye kuuza. Mwaka 44 kabla ya Kristo, msemaji mkuu wa Roma aitwaye Cicero alimwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu juu ya wajibu wa mtu. Katika kitabu hicho amesimulia kesi ya nyumba moja. Tiberius Claudius Centumalus alikuwa na nyumba juu ya kilima cha Caelius. Siku zile kulikuwa na waaguzi wa serikali waliotazama kuruka kwa ndege kutoka ngome ya mji, nao walilalamika ya kuwa nyumba ya Claudius ni ndefu, yawazuia kuona. Wakamwamuru abomoe sehemu zilizowazuia. Claudius hakubomoa, wala hakubishana nao. Aliitangaza nyumba iuzwe, akaiuza kwa Publius Calpurnius Lanarius, wala hakumwambia neno lo lote.

Haukupita muda waaguzi wakampelekea Calpurnius amri ile ile, naye akabomoa. Kisha akapata habari ya kuwa Claudius aliitangaza nyumba baada ya kuamriwa. Akamshtaki. Mwamuzi alikuwa Marcus Cato, baba yake Cato yule aliyekuja kuwa mashuhuri. Hukumu yake ilikuwa fupi: kwa kuwa mwuzaji alilijua jambo lile wakati wa kuuza, wala hakulisema, na amlipe mnunuzi hasara yake.

Tafakarini neno hili. Claudius hakusema uwongo. Zamani za Mbao Kumi na Mbili ilitosha mwuzaji kutimiza yale aliyoyatamka kwa kinywa chake, na aliyeyakana alilipa mara mbili. Lakini wanasheria waliofuata waliona ya kuwa hila yaweza kukaa katika kunyamaza kama ikaavyo katika kusema, wakaweka adhabu kwa kunyamaza pia. Mnunuzi hawezi kuuliza juu ya jambo asilolijua. Mwenye kujua ndiye apaswaye kusema.

Tena Cicero, asije akaonekana kumpendelea kila mnunuzi, ameongeza kesi ya pili. Sergius Orata, mtu aliyejulikana kwa kufuga chaza, aliuza nyumba kwa Marius Gratidianus, na baada ya miaka michache akainunua tena kwake. Nyumba ile ilikuwa na haki ya mtu mwingine juu yake, na katika mapatano ya mara ya pili haikutajwa. Orata akaenda barazani. Mtetezi wake Crassus alisema kwamba kasoro isiyotajwa na mwuzaji anayeijua yapasa kulipwa. Lakini Antonius, upande wa pili, alijibu kwamba Orata aliijua vema, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeiuza nyumba ile kwanza. Ajuaye hakudanganywa. Basi msingi ni huu: mnunuzi ajue kabla hajatoa fedha, asije akajua baada yake.

Nilipokwisha kusimulia, mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nikimwambia, atapunguza bei." Nikamjibu, "Labda atapunguza, baba. Lakini leo utapungukiwa na thamani ya ukuta mmoja. Kesho waweza kudaiwa na watu wawili, jirani kwa ukuta wake na mnunuzi kwa ulichomficha."

Asubuhi yake alimwita jirani. Wakautazama ukuta pamoja na mashahidi wawili na fundi mwashi, maana si kila ufa hutoka kwa jirani, na dai lafaa lipimwe kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Fundi aliona ya kuwa upande mmoja ulilika kwa maji ya paa, na upande mwingine ulikuwa mbovu tangu kujengwa. Wakapatana mzee alipe gharama ya upande wa kwanza tu. Mnunuzi akaelezwa yote. Alipunguza bei kidogo, akataka mfereji wa maji utengenezwe, na sehemu ya fedha ikawekwa mkononi mwa mtu mwaminifu mpaka ukuta utengenezwe. Yote haya niliyaandika katika hati, wakatia sahihi watatu: mwuzaji, mnunuzi na jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Yule mzee amehamia kwa mwanawe kijiji cha pili, na kila apitapo kwetu hukaribishwa katika nyumba zote mbili, ile aliyoiuza na ile ya jirani.