Tofali la mwaka 1998 ambalo bado linatii amri

Septemba 1998 kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza kuuza seti ya kuunda roboti iliyoitwa Mindstorms. Kiini chake kilikuwa tofali la plastiki la manjano, RCX, lenye matundu matatu ya vihisi, matundu matatu ya mota, kioo kidogo, vitufe vinne, na betri sita za AA tumboni. Jina la seti lilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1980 cha Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefundisha chuo cha MIT, Marekani, na mmoja wa walioasisi lugha ya Logo mwaka 1967. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, si kompyuta kumwamuru mtoto. Zaidi ya miaka 25 imepita. Kompyuta nyingi zilizouzwa mwaka ule zilikwisha kuishia jalalani, lakini tofali hilo bado linawashwa majumbani na kupewa programu mpya. Wengi husifu plastiki na mota imara. Sifa hiyo ni ya haki, ila haitoshi. RCX imebaki hai hasa kwa sababu watu wa nje ya kampuni walijua mapema jinsi inavyofanya kazi, na mwenye mali hakuwafungia mlango.

Ili kuliona hilo, tuanze na umeme, maana ndipo udhaifu wa tofali ulipo. Ndani yake mna chipu ya Hitachi ya familia ya H8, ya megahezi 16, ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu ya kudumu na kilobaiti 32 za RAM. Kumbukumbu ya kudumu inabeba maarifa ya awali tu: kuwasha, kusoma vitufe, kupokea data. Programu ya msingi, ile inayolifanya tofali lielewe amri za mtumiaji, inakaa kwenye RAM, na RAM husahau umeme ukikatika. Kapasita ndogo huishikilia kwa muda mfupi, kwa hiyo anayebadilisha betri hana budi kuwa na mpya mkononi kabla ya kutoa za zamani. Akichelewa, itabidi programu ya msingi irushwe upya kutoka kwenye kompyuta kwa miale ya infraredi, kwa mwendo wa biti 2,400 kwa sekunde. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na mnara mdogo wa kurushia miale sharti ukae ukitazamana na tofali muda wote. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na tundu la adapta ya umeme wa ukutani, nayo ingeepusha usumbufu huo, lakini matoleo ya baadaye yaliondolewa tundu hilo. Betri za kuchaji zinafaa, ingawa sita zake hutoa volti 7.2 badala ya 9 za betri za kawaida, na mota huzunguka polepole kidogo. Betri za alkali zilizosahauliwa ndani ndizo zenye madhara zaidi: huvuja potasiamu haidroksaidi, ambayo hula vyuma vya mgusano. Pamba yenye siki kidogo huisafisha, kisha vyuma vikaushwe vizuri kabla ya kutia betri nyingine.

Kifaa kinachosahau namna hii hakijitegemei. Kinahitaji kompyuta, mnara, na faili la programu ya msingi: firm0309.lgo kwa toleo la kwanza, firm0328.lgo kwa toleo la pili. Tofali lililo zima kabisa, likikosa faili hilo, haliwezi kuendesha roboti. Na hapo ndipo muda ulipopiga. CD iliyokuja na seti iliandikwa kwa ajili ya Windows 95. Mnara wa kwanza ulichomekwa kwenye tundu la mfululizo (serial), tundu ambalo kompyuta nyingi za leo hazina. Mnara wa pili ulitumia USB, lakini draiva yake haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Ingekuwa ni kampuni peke yake iliyojua siri za tofali, safari ingekomea hapo, mota zikiwa bado nzima.

Haikukomea hapo kwa sababu ya kazi iliyofanyika muda mfupi tu baada ya seti kutoka. Kekoa Proudfoot, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilichambua tofali, akagundua amri linazopokea na namna linavyozipokea, kisha akaweka matokeo hadharani. Juu ya msingi huo Dave Baum alitengeneza lugha ya NQC, inayofanana na C lakini ikitumia programu ya msingi ileile ya LEGO. Ndipo watu walipoona jinsi programu rasmi ya michoro ilivyokuwa imeficha uwezo wa tofali: lilikuwa na vigeu 32 na uwezo wa kuendesha kazi kumi kwa pamoja. Markus Noga akaenda mbali zaidi na legOS, iliyoiweka kando programu ya LEGO, na baadaye ikaja leJOS iliyoleta Java. Leo kerneli ya Linux ina draiva ya mnara wa USB, iliyoandikwa na watu ambao LEGO haikuwalipa. Anayetaka kuliamuru tofali lake sasa anapita kwenye njia walizochonga hao.

Kuna watakaosema kampuni ilikuwa na haki ya kulinda mali yake. Kweli ilikuwa nayo, na ndani ya LEGO suala hilo lilijadiliwa kwa uzito. Uamuzi ulikuwa kuwaacha wachambuzi waendelee, na baadaye leseni ya programu ikaandikwa kifungu kinachomruhusu mtumiaji kuchezea na kubadilisha. Hasara iliyohofiwa haikuonekana. Kinyume chake, kampuni ilipobuni mrithi wa RCX, yaani NXT ya mwaka 2006, iliwaita baadhi ya watumiaji wakongwe washiriki katika usanifu, na mwaka huohuo ikatoa msimbo wa programu ya msingi wa NXT. Walioruhusiwa kufungua kifaa waligeuka kuwa washauri wake.

Pingamizi zito zaidi ni la bei na manufaa. Kwa nini mwalimu ahangaike na infraredi na tundu la mfululizo wakati bodi ya Arduino au micro:bit ni rahisi, ina nguvu kuliko RCX, na haipotezi programu yake betri zikitolewa? Kwa anayenunua upya jibu ni moja tu: achukue bodi mpya. Ila mafanikio ya Arduino yenyewe, tangu ilipoanza Ivrea, Italia, mwaka 2005, yanaunga mkono hoja hii, kwa kuwa michoro na programu zake ziliwekwa wazi tangu mwanzo. Na shule iliyokwisha kupewa seti kuukuu haina sababu ya kuzitupa: gia, mota na vihisi vyake bado vinafundisha, na udogo wa kumbukumbu unamlazimisha mwanafunzi kufikiri kila mstari una kazi gani.

Swali la nani ana ufunguo halikuisha na RCX. EV3 ya mwaka 2013, iliyoirithi NXT, iliendeshwa kwa Linux, ndiyo maana watu wa nje waliweza kuitengenezea ev3dev, mfumo kamili wa Debian unaowaka kutoka kwenye kadi ya microSD. Mwisho wa mwaka 2022 LEGO iliachana na Mindstorms. Wenye seti ya mwisho wanategemea sana Pybricks, programu huria ya kujitolea, ili matofali yao yaendelee kutumia Python hata bila programu rasmi. Kwa hiyo kamati ya shule au mzazi anayekwenda dukani aulize jambo hili kabla ya kutazama rangi na idadi ya vipande: je, roboti hii inaweza kupewa amri bila akaunti ya kampuni na bila seva yake? Na mwenye RCX kabatini aitoe betri zilizomo leo hii, kisha alinakili faili la programu ya msingi ya toleo lake mahali zaidi ya pamoja.