Matuta ya Mlalo na Dozi ya Nyongeza

Mjadala kuhusu watumishi wa afya na dozi za nyongeza huishia mara nyingi katika lawama moja: ikiwa mtaalamu mwenyewe anasita, mwananchi amfuate nani? Historia ya Usambara inatutaka tuulize kwanza: mtaalamu huyo alieleweshwa, au aliagizwa tu?

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo huko Mlalo, Lushoto. Tatizo lilikuwa la kweli. Hata hivyo, wakulima walilazimishwa kujenga matuta kwenye miteremko, na waliokaidi wakatozwa faini. Washambaa walipinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Chanjo ya UVIKO-19 nchini ilikuwa ya hiari, na hakuna mkulima aliyetozwa faini kwa kuikataa. Lakini mtumishi wa afya alikuwa na mwajiri. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo hizo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya taifa, Ikulu, Dar es Salaam, na watumishi wa afya wakawa miongoni mwa makundi ya kwanza kulengwa. Kwa miezi sita, muuguzi wa zahanati ya milimani alisikia kauli mbili zinazopingana kutoka ofisi moja.

Zaidi ya hayo, shehena ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, ilikuja kama chanjo ya sindano moja. Kabla mwaka haujaisha, Shirika la Afya Duniani likashauri dozi ya pili. Ushauri ulibadilika kwa kuwa ushahidi uliongezeka, lakini asiyeelezwa hivyo huona kigeugeu kingine.

Watumishi hawa hawachukii chanjo za kurudia. Humhimiza mjamzito akamilishe chanjo ya pepopunda, na mzazi amrudishe mtoto kwa dozi ya pili ya surua. Huko wanaijua sababu, na swali la mzazi wanaweza kulijibu.

Basi wizara na halmashauri zianzie hapo. Kabla ya kutuma vituoni malengo ya idadi ya watakaochanjwa, ziketi na wauguzi na matabibu, zisikilize mashaka yao na kuyajibu kwa ushahidi. Mtumishi asiyeridhika hatagoma. Atatimiza agizo kwa sauti ya unyonge, na mgonjwa aliye mbele yake ataelewa.