Kadhi, Dola na Ridhaa ya Mtu

Usemi kwamba dini itengwe na siasa umezoeleka mno nchini Kenya, hata wachache mno hujishughulisha kuuliza ni kitu gani hasa kinachotakiwa kutengwa na kipi. Neno siasa limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni usimamizi wa mambo ya watu. Katika matumizi ya leo limefinywa likawa mashindano ya vyama na hotuba za mikutano. Lakini mtu anayeogopa kushurutishwa kwa jina la dini haogopi hotuba. Aogopacho ni dola, yaani mamlaka yenye hakimu, askari na mtoza kodi. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walipoupinga upigaji kura wa mlolongo katika miaka ya 1980, walikemewa kwamba wanaingilia siasa. Na kwa kweli walikuwa wakisema siasa, ila dola haikupata dini kwa kusema kwao. Kinyume chake, kadhi agawaye mirathi hatamki neno la siasa hata moja, na hata hivyo yu mtumishi wa dola: mshahara wake hutoka katika hazina ya umma na hukumu yake hutekelezwa kwa nguvu ya serikali. Ikiwa pana mahali ambapo dini na dola zimekaa kitako pamoja nchini Kenya, basi ni barazani pa kadhi. Kwa hiyo yafaa historia ya baraza hilo itazamwe kwa makini kuliko ulivyotazamwa ugomvi wa wanasiasa juu yake.

Mnamo tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini wa Unguja alitiliana mkataba na Uingereza. Kwa mkataba huo ukanda wa pwani wa maili kumi uliwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza, lakini enzi ya Sultani juu yake ikaachwa kama ilivyokuwa. Arthur Hardinge, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza, aliwahakikishia watu wa Mombasa kwamba dini yao na sheria yao ya Kiislamu hazitaguswa. Ahadi hiyo haikutokana na ukarimu mtupu. Katika mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui, alikuwa amewashikia Waingereza silaha, na utawala uliokuwa ukipigana naye ulihitaji miji ya pwani itulie. Hivyo tangu mwanzo kadhi wa serikali alikuwa tunda la mapatano ya wakubwa. Mtu wa kawaida, awe mwanamume au mwanamke, hakuulizwa kama anataka kuhukumiwa naye au hataki.

Waingereza walizitambua mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi, kisha kidogo kidogo wakapunguza yale yaliyoruhusiwa kupelekwa kwa kadhi. Makosa ya jinai yakamtoka, mambo ya biashara yakamtoka, akabakiwa na ndoa, talaka na mirathi. Mabadiliko haya hayasemwi sana, lakini ndiyo yaliyoamua sura ya jambo lote. Sheria ambayo kwa wenyewe ilikuwa ni njia nzima ya maisha iligeuzwa kuwa sheria ya nyumbani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka wa 1937 hadi alipofariki mwaka wa 1947, alilifahamu finyo hilo vizuri. Yeye alikuwa tayari amekwisha kujulikana kwa magazeti yake, Sahifa la mwaka wa 1930 na Al-Islah la mwaka wa 1932, ambamo aliandika juu ya elimu, uchumi na hali ya Waislamu, mambo ambayo barazani hayakuwa na nafasi tena. Kalamu yake ilikuwa na uwanja mpana kuliko hukumu yake.

Swali la hatima ya pwani lilipozuka upya, wakati uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa Mwambao walidai kujitenga au kurudishwa chini ya Unguja. Sir James Robertson alitumwa kulichunguza jambo hilo, na katika ripoti yake ya mwaka wa 1961 alipendekeza pwani iunganishwe na Kenya, pamoja na dhamana kwa Waislamu. Mnamo Oktoba 1963 mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Unguja, waliandikiana barua. Kenyatta aliahidi uhuru wa kila dini, na aliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yaliiondoa serikali ya Shamte pamoja na Sultani aliyekuwa nyuma yake. Upande mmoja wa mapatano ukatoweka duniani. Ahadi yenyewe ikabaki, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuingizwa katika Katiba ya Kenya.

Ibara ya Katiba ya uhuru, ambayo baadaye ilijulikana kama kifungu cha 66, ilisema kwamba mahakama ya kadhi itaamua mambo ya sheria ya Kiislamu ikiwa wahusika wote wanafuata dini ya Kiislamu. Hapo ndipo ilipokomea. Mtu akiisoma kama ilivyoandikwa ataona kuwa Uislamu wa mtu ulikuwa ndio hati yake ya kuitwa mahakamani: aliyezaliwa katika dini hiyo alikuwa amekwisha kuchaguliwa hakimu. Ni kweli kwamba Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka wa 1967 iliacha mlango wazi, kwani ilieleza kuwa mamlaka ya Mahakama Kuu na ya mahakama nyingine hayatapungua kwa sababu ya kuwapo kwa kadhi. Aidha, ilitaka mashahidi wasikilizwe bila kubaguliwa kwa dini wala kwa jinsia. Lakini mlango ulioachwa wazi bila kutajwa si sawa na mlango ambao mtu ameambiwa kuwa ni wake.

Katika miaka iliyofuata ugomvi ulikwenda upande mwingine kabisa. Mwaka wa 1992 chama cha Kiislamu, IPK, kilikataliwa kuandikishwa kwa hoja kwamba chama cha siasa hakiwezi kusimama juu ya dini, na Mombasa ikaingia katika ghasia. Serikali iliyokikataa chama hicho ndiyo iliyokuwa ikimteua na kumlipa Kadhi Mkuu, na haikuona mgongano wowote. Huenda haukuwapo, ila hapakuwa na mtu aliyejitwika kazi ya kueleza kwa nini.

Kazi hiyo ilikuja kulazimishwa na marekebisho ya Katiba. Rasimu ya Bomas ya mwaka wa 2004 ilitaka kuipanua mamlaka ya makadhi, na mwaka huo huo viongozi kadhaa wa makanisa walikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu cha 66. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: dola inayoilipa mahakama ya dini moja kwa kodi ya watu wa dini zote imeipendelea dini hiyo. Rasimu ya mwaka wa 2005 ilijaribu kuwaridhisha wote kwa kuahidi mahakama za Kikristo na za Kihindu kando ya zile za makadhi. Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote, kwa sababu lilitaka kuponya upendeleo wa dini moja kwa kuzitia dini zote ndani ya dola, wakati Wakristo wenyewe hawakuwa wameomba mahakama. Wananchi waliikataa rasimu hiyo, ingawa kwa sababu nyingine nyingi, kwa takriban asilimia 58 ya kura mnamo tarehe 21 Novemba 2005.

Hukumu ya kesi ya makanisa ilitolewa tarehe 24 Mei 2010, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya pili. Majaji watatu walisema kwamba kifungu cha 66 hakipatani na dola isiyo na dini. Tarehe 4 Agosti mwaka huo wapiga kura, kwa takriban asilimia 67, waliipitisha Katiba ambayo ina mambo yote mawili. Ibara ya 8 inasema hapatakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 170 inaweka Kadhi Mkuu na makadhi wengine. Wapo waliocheka kwamba Wakenya wamekula keki na bado wanayo mkononi. Kicheko hicho kilitokana na kutosoma hadi mwisho wa ibara, kwa maana pale ambapo Katiba ya zamani ilikomea, mpya iliongeza maneno machache: wahusika wote wawe Waislamu, na wawe wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Katika maneno hayo machache limo badiliko kubwa kuliko yote yaliyoandikwa juu ya kadhi tangu mwaka wa 1895. Msingi wa mamlaka ya kadhi umehamishwa. Hautoki tena katika mkataba wa Sultani na Mwingereza, wala katika barua za mawaziri wakuu, wala hata katika Uislamu wa mtu. Unatoka katika ridhaa yake. Neno ridhaa lenyewe si geni kwa wanazuoni wa fiqhi, ambao tangu zamani wamelijadili katika mlango wa ndoa, kama vile lilivyo si geni neno hiari. Kwa hiyo haingekuwa haki kusema kuwa Katiba imemletea Mwislamu wazo la kigeni. Imelichukua wazo alilolijua katika akidi na kulipeleka mlangoni pa mahakama.

Je, ridhaa hiyo ni ya kweli? Hapa utafiti wa lugha una la kusema kuliko mabishano ya wanasheria. Susan Hirsch, ambaye alizichunguza mahakama za makadhi za pwani ya Kenya katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1998, alionyesha kwamba wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na kwamba mara nyingi wao ndio hushinda. Mume hutamka, mke husubiri; ndivyo ilivyotarajiwa. Lakini mbele ya kadhi mke huyo husimulia, na kusimulia mambo ya nyumbani hadharani, kitu ambacho mitaani kingehesabiwa kuvunja heshima na kutoa siri, kule barazani ndicho kinachompatia haki. Mwanamke wa namna hiyo huja kwa kadhi kwa sababu kadhi atamlazimisha mume kutoa matumizi au atamfungua kwa fasakhi. Kumwambia kwamba mahakama yake ifungwe ili dola iwe safi ni kumtoza yeye gharama ya usafi wa wengine.

Hata hivyo yupo mwingine, ambaye ndugu zake wamemwambia kwamba kwenda kwingine ni kuiacha dini. Huyo hutia sahihi, na sahihi yake huitwa ridhaa. Katiba haina dawa ya shinikizo la ukoo, na ni vigumu kuona ingeipata wapi.

Tatizo zito zaidi limo katika mirathi. Marehemu hawezi kuridhia, na warithi ni wengi. Mmoja akikataa, shauri huondoka kwa kadhi likaenda Mahakama Kuu. Huko hukutana na historia nyingine. Sheria ya Urithi ya mwaka wa 1972, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, ilikusudiwa kuwa moja kwa Wakenya wote; Waislamu waliilalamikia, na mwaka wa 1990 ikarekebishwa ili mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Matokeo yake ni kwamba mrithi anayemkataa kadhi amechagua hakimu tu. Sheria yenyewe humfuata mpaka ndani ya Mahakama Kuu, ikasomwa na jaji ambaye pengine hakuwahi kusoma fiqhi. Mwezi wa Juni mwaka wa 2025 Mahakama ya Juu ilikabiliwa na jambo hilo waziwazi, katika shauri la watoto waliozaliwa nje ya ndoa na baba Mwislamu, ikaamua kwamba kuwanyima urithi kwa sababu hiyo ni ubaguzi usiokubalika. Wapo wanazuoni walioiona hukumu hiyo kuwa dola imejitwalia kiti cha mufti, na wapo waliouliza mtoto aliridhia lini. Ibara ya 170 haiwajibu wote wawili, kwa kuwa inamzungumzia anayekuja mahakamani, na haisemi neno juu ya sheria atakayoikuta humo akiwa ameukataa mlango wa kwanza.