Kichupa cha Bundaberg

Dondakoo humziba mtoto koo kwa utando mzito wa kijivu, na sumu yake humpiga moyo. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo hubeba kinga inayoweza kumsaidia mwingine. Farasi wakaanza kufugwa kwa ajili ya seramu, yaani maji ya damu yao yenye kinga hiyo.

Mmoja wao aliitwa Jim, wa St. Louis, Marekani, aliyewahi kukokota gari la maziwa. Mwaka 1901 alishikwa na pepopunda, akauawa. Lakini seramu ya damu yake ilikuwa imekwisha kutiwa chupani, ikapelekwa kwa wagonjwa bila kupimwa sawasawa. Watoto 13 wakafa kwa pepopunda. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwakagua watengenezaji wa seramu na chanjo.

Kinga ya seramu haidumu. Chanjo ya mwanzo ilichanganya sumu yenyewe na kizuia sumu, mpaka mwaka 1923 Gaston Ramon, Mfaransa, alipoipoza sumu kwa formalini na joto. Ikaacha kudhuru, ila mwili ukaendelea kuitambua. Chanjo ya Penta, yenye kinga ya dondakoo ndani yake, niliyowachoma watoto miaka yote ya uuguzi wangu Tanga imesimama juu ya kazi hiyo.

Bundaberg, Australia, Januari 1928, bado walitumia mchanganyiko wa zamani. Kichupa kimoja kilichomwa sindano mara kadhaa kwa siku tofauti, katika joto la kiangazi, na ndani hakikuwa na dawa ya kuzuia vijidudu. Siku za mwanzo hakuna aliyedhurika. Tarehe 27 watoto 21 walichanjwa, 12 wakafa. Tume ya Charles Kellaway ikakuta bakteria wa usaha wamezaliana humo, ikataka kichupa cha kutumiwa mara nyingi kisitolewe bila dawa hiyo. Nadhani kila mwanafunzi wa uuguzi angepaswa kufundishwa habari hii kabla hajashika bomba la sindano.

Hofu ingeweza kuizika chanjo. Haikuizika, kwa sababu kosa lilichunguzwa hadharani. Uingereza ilichelewa kuwachanja watoto wake kwa wingi hadi 1940, mwaka ambao dondakoo iliua watu 2,480 England na Wales. Mwaka 1957 waliokufa ni sita.

Mama, ukimwona muuguzi anasoma tarehe iliyoandikwa kwenye kichupa huku mwanao analia, mvumilie. Asiposoma, mwambie asome.