Usalama wa Wi-Fi ya nyumbani

Usalama wa Wi-Fi ya nyumbani ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili mtandao pasiwaya wa nyumba utumiwe na watu walioruhusiwa tu, na ili data inayopita hewani isisomwe na wengine. Hatua nyingi hazihitaji ujuzi wa kompyuta. Mtu anayeweza kutumia simu janja anaweza kuzikamilisha mwenyewe. Msingi wake ni maneno ya siri mawili ambayo watumiaji wapya huyachanganya: lile la kujiunga na Wi-Fi, na lile la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe.

Ruta na mawimbi yake

Ruta ni kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni ya mawasiliano na kuigawa kwa simu, kompyuta na televisheni zilizo karibu. Nchini Tanzania kuna ruta zinazounganishwa kwa waya wa faiba, na nyingine zinazotumia laini ya simu. Simu janja iliyowashwa hotspoti hufanya kazi hiyohiyo.

Mawimbi ya Wi-Fi hayaishii mlangoni. Hupita kwenye ukuta wa tofali, ingawa hupungua nguvu, na kufika uani, barabarani au kwa jirani. Mawimbi ya masafa ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi kuliko yale ya 5 GHz. Kwa sababu hiyo kufunga mlango wa nyumba hakufungi mtandao. Kinachoufunga ni neno la siri pamoja na usimbaji fiche, yaani kugeuza data kuwa fumbo ambalo vifaa visivyoruhusiwa haviwezi kulifungua.

Historia ya usimbaji

Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitolewa mwaka 1997 kikiwa na usimbaji ulioitwa WEP. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwamba WEP inaweza kuvunjwa. Nafasi yake ilichukuliwa na WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alitangaza kasoro katika WPA2 iliyopewa jina la KRACK. Watengenezaji wa vifaa walitoa marekebisho ya programu ili kuiziba. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. WPA2 iliyosasishwa bado inafaa kwa nyumba, lakini WEP haifai tena.

Hatari

Hatari ya kwanza ni gharama. Pale ambapo ruta inatumia bando lenye kikomo, jirani anayetazama video au simu inayosasisha programu zake inaweza kulimaliza kabla mwenye nyumba hajalitumia.

Ya pili ni ya kisheria. Vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta moja huonekana nje kama mteja mmoja. Tangu Mei 2019 laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo laini iliyo ndani ya ruta ina jina la mtu. Iwapo mtu mwingine atatuma matusi au kufanya utapeli kupitia ruta hiyo, uchunguzi utaanza kwa mwenye laini.

Ya tatu ni kutekwa kwa ruta. Anayeingia kwenye mipangilio anaweza kubadili maneno ya siri, kumfungia nje mwenye ruta, au kuwaelekeza watumiaji kwenye tovuti bandia. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha ya takribani jozi 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha.

Njombe na Makambako

Makambako ni mji wa njia panda katika Mkoa wa Njombe: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini humo. Katika mji wa wasafiri kama huo, neno la siri linaloandikwa ukutani kwenye nyumba ya wageni au duka husomwa na watu wengi wasiojulikana. Simu hulihifadhi, na mgeni wa usiku mmoja akipita tena huunganishwa bila kuuliza.

Mjini Njombe, takribani kilomita 60 kusini mwa Makambako, tatizo linalofanana na hilo hutokea katika nyumba za kupanga ambamo familia kadhaa hushiriki ua mmoja. Mpangaji mmoja hununua ruta, wengine huchangia bando na kupewa neno la siri. Anayehama huondoka na neno hilo, na hata aliye bado hapo anaweza kumpa mwingine. Kushirikiana si kosa kiusalama, mradi neno la siri libadilishwe kila mtu anapohama, kama vile kitasa kinavyobadilishwa ufunguo usiporudishwa.

Hatua za msingi

1. Kuingia kwenye mipangilio. Simu iliyounganishwa na Wi-Fi hufungua kivinjari na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1.

2. Kubadili neno la siri la mipangilio. Hili halipewi mgeni wala mchangiaji wa bando. Maneno kama «admin» hujulikana na kila mtu.

3. Kubadili neno la siri la Wi-Fi. Urefu una uzito kuliko ugumu: maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, au namba ya simu ya mwenye nyumba.

4. Kuchagua usimbaji. WPA3 huchaguliwa ikiwepo, la sivyo WPA2. Simu za zamani zikishindwa kuunganishwa, mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3 hutumika.

5. Kuzima WPS. Njia hii ya kuunganisha kwa namba ya tarakimu 8 iligunduliwa mwaka 2011 kuwa na kasoro: mvamizi anahitaji kujaribu mara zisizozidi 11,000 tu.

6. Kuwasha mtandao wa wageni, kama ruta inao. Wageni hupata intaneti bila kuvifikia vifaa vingine vya nyumbani, na neno lao la siri hubadilishwa bila kuwasumbua wenyeji.

7. Kusasisha programu ya ruta, na kukagua mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Kuficha jina la Wi-Fi hakuongezi usalama wa maana, kwa kuwa zipo programu zinazoonyesha hata majina yaliyofichwa.

Ruta haipaswi kuwekwa mahali wateja au wapita njia wanapoweza kuifikia. Kubonyeza kitufe chake kidogo cha kurejesha mipangilio kwa sekunde kadhaa huirudisha katika hali ya kiwandani, na maneno ya siri huwa tena yale ya kwenye kibandiko. Kukatika kwa umeme peke yake hakuleti mabadiliko hayo. Kitufe hichohicho humsaidia mwenye ruta aliyesahau neno la siri, au anayetaka kuiuza.

Mipaka

Wi-Fi iliyofungwa vizuri haimlindi mtu dhidi ya kila utapeli. Miamala ya fedha inayofanywa kwa kubonyeza namba kama *150*00# haipiti kwenye Wi-Fi bali kwenye mtandao wa simu, na tapeli anayempigia mtu na kumwomba namba ya siri hahitaji ruta yake. Programu za benki na za fedha za simu zinazotumia intaneti huwa na usimbaji wake, lakini haziwezi kumlinda anayetoa namba yake ya siri mwenyewe.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, inakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kosa hilo liliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Usimamizi wa sekta ya mawasiliano uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na makosa ya jinai huripotiwa polisi.