Somo la Radio: Aliyechoka na Maisha, na Jinsi Eklezya Ilivyojifunza Kumsikiliza



Wasikilizaji wapenzi, leo tutazungumza jambo ambalo watu hulificha, ndilo wazo la kujiua. Wengine hudhani kwamba halifai kutajwa mbele ya wakristu. Lakini Maandiko Matakatifu yanalitaja, na Eklezya imelifikiri kwa karne nyingi. Tuitazame historia yake, tupate kujua namna ya kumsaidia mwenzetu.

1. Likasi katika miaka ya taabu

Wazee wa Likasi wanakumbuka zamani ambapo kampuni ilimlea mtumishi tangu ujana hata uzee. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 kampuni ya Serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, iliwapa watu nyumba, posho, hospitali na shule. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala penye stesheni ya Likasi wakingoja gari-moshi, na wengi walikufa kabla ya kufika. Shaba ikapungua hata chini ya tani 30,000 kwa mwaka, mishahara ikakosekana miezi mingi, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja.

Mtu wa namna hii hakupoteza fedha tu. Jana alikuwa baba mwenye kugawa posho. Leo anangoja mke wake auze mboga ndipo watoto wale. Anajiona mzigo. Hapo wazo huweza kumjia: afadhali nife, wapumzike. Tuelewe vizuri: mara nyingi mtu huyu hatamani mauti. Anatamani maumivu yaishe, wala haoni mlango mwingine. Tena si umaskini peke yake unaoleta wazo hilo. Ugonjwa wa huzuni nzito, pombe, msiba, aibu na maumivu ya mwili huweza kukutana katika moyo mmoja.

2. Watu wa Mungu waliotamani kufa

Nabii Eliya alimkimbia malkia Yezabeli, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe roho. Je, Mungu alimkaripia? Hapana. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Baada ya hayo tu ndipo Eliya alipoweza kwenda siku arobaini hata mlima Horebu, na huko Mungu akasema naye.

Katika kitabu cha Tobia, Sara binti wa Ragueli alifiwa na waume saba, na mjakazi akamtukana. Akawaza kujiua. Lakini akakumbuka huzuni itakayompata baba yake, akaigeuza ile huzuni yake kuwa sala. Na mlinzi wa gereza la Filipi aliposhika upanga ili ajiue, Mtume Paulo alipaza sauti kumzuia, akamjulisha kwamba wafungwa wote wangalipo. Sauti ya mtu mmoja ilimwokoa, na usiku uleule akabatizwa pamoja na jamaa yake.

3. Mtakatifu Agostino, askofu wa Afrika

Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa, na wanawake wengi walinajisiwa kwa nguvu. Wapagani wakawacheka wakristu kati yao: mbona hawakujiua ili kuilinda heshima yao? Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliwajibu katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alichoanza kukiandika mwaka 413. Alifundisha kwamba usafi hukaa rohoni, na ubaya ni wa yule aliyetenda jeuri. Basi asiye na kosa asijiadhibu. Amri ya kutoua humlinda hata mtu mwenyewe. Na wale waliokwisha kujiua kwa hofu ya kunajisiwa, aliwaonea huruma.

Tuangalie hapa: katazo hili lilitamkwa ili kumfariji aliyeumizwa. Hata leo, mwanamke wa Kongo aliyetendewa jeuri na wenye silaha aambiwe maneno yayo hayo: aibu si yako, na uzima wako ni wa thamani.

4. Sheria ngumu, kisha huruma

Karne zilizofuata zilikuwa kali. Mwaka 561 maaskofu waliokutana Braga, katika nchi ya Ureno ya leo, walikataza zaburi na ukumbusho wa Misa kwa aliyejiua. Kitabu cha sheria za Eklezya cha mwaka 1917 kilimnyima maziko ya kikristu mtu aliyejiua kwa kusudi, asipoonyesha dalili ya kutubu. Katika makabila mengi ya Afrika pia alizikwa mbali na wenzake, bila kilio. Watu walitaka kuwatisha walio hai. Lakini hofu iliwafundisha wenye mateso kunyamaza.

Hata hivyo huruma haikuzimika. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars katika Ufaransa, alimfariji mjane wa mtu aliyejiua, akimwambia kwamba mumewe alipata nafasi ya kutubu kabla ya pumzi ya mwisho. Kitabu kipya cha sheria cha mwaka 1983 hakikuliweka tena lile katazo la maziko. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kujiua ni kosa zito, lakini ugonjwa wa akili, uchungu au hofu kubwa huweza kupunguza lawama. Nasi tusikate tumaini la wokovu wao, bali tuwaombee. Hata serikali zinajifunza: tarehe 9 Januari 2025 Korti Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inapingana na katiba.

5. Sisi tufanye nini?

Tumfuate malaika wa Eliya, aliyeleta mkate kwanza. Ukimwona jirani anajitenga, halali, anagawa vitu vyake, au anasema ya kwamba watu watapumzika akiondoka, mwendee. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halipandi wazo jipya. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Msikilize bila hukumu. Usimwache peke yake saa ya hatari, ondoa karibu naye dawa za shamba na vitu vya kudhuru, na umpeleke kwa mganga wa hospitali. Padri na mganga hawagombani: Mungu huponya kwa mikono ya wote wawili.

Nawe unayesikiliza ukiwa na wazo hilo moyoni, usikae nalo mpaka kesho. Mwambie mtu mmoja leo hii. Si udhaifu wa imani. Eliya naye alikuwa nabii.

Maulizo

Je, wazo la kufa ni alama kwamba Mungu amemwacha mtu?
Sivyo. Lilimjia Eliya na Sara, na Mungu alikuwa karibu nao.

Je, tumwombee aliyejiua?
Ndiyo, na tuwafariji jamaa zake, tusiwatenge.

Shauri la juma hili: nenda ukamtembelee mtu mmoja ambaye hajaonekana kanisani siku nyingi. Usiende kumkemea. Kaa naye, mle pamoja, umsikilize.