Wimbo wa jukwaani ulio mgumu kuliko yote

 

Shangazi aliniandikia akiuliza: huo wimbo ambao binti yetu anaufanyia mazoezi ni wimbo gani, hata mtoto wa miaka 14 apotewe na sauti kwa siku tatu? Nikaanza kumjibu kwa barua pepe, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa tulisome sote.

Shule yao inaandaa tamthilia ya nyimbo. Ni mchezo wa kuigiza ambao mhusika huongea kama kawaida, halafu mambo yakimzidi, anaimba. Watu wa huku wanaipenda sana michezo hii. Ukipanda treni hapa Westmead ukashuka Central, ukatembea kidogo tu, unafika ukumbi wa Capitol. Hapo ndipo Jesus Christ Superstar ilipoonyeshwa mwaka 1972, The Lion King mwaka 2003 na Wicked mwaka 2009. Na wapenzi wa michezo hii wana ubishi wao usiokwisha, kama sisi na mpira: wimbo upi ni mgumu kuliko yote?

Wapo wanaosema ni ule unaotesa ulimi. Katika Company ya Stephen Sondheim, ya mwaka 1970, kuna bibi harusi aitwaye Amy. Asubuhi ya harusi anashikwa na hofu na kuanza kuwaeleza wageni kwamba haolewi tena, kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2015 tovuti moja ya Marekani ilihesabu maneno 68 katika sekunde 11 za wimbo huo. Hebu jaribuni kutaja maneno 68 kwa sekunde 11, halafu mniambie mlivuta pumzi saa ngapi!

Wengine wanasema ni ule unaotesa koo. Leonard Bernstein alitunga Candide, iliyofika Broadway mwaka 1956. Mwimbaji wake wa kwanza, Barbara Cook, alitakiwa kupanda hadi sauti za juu kabisa za mwanamke huku akilia, akicheka na kujipamba kwa vito, yote katika wimbo mmoja.

Na wimbo wa binti yetu, shangazi, unatoka Wicked ya mwaka 2003. Aliyeuimba kwanza Broadway ni Idina Menzel. Ni wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza: mwimbaji anainuliwa juu ya jukwaa, na huko juu ndiko anakotakiwa kutoa sauti kubwa kuliko zote. Waigizaji wa kulipwa huufanya mara nane kwa wiki. Wetu anaufanya bafuni mara nane kwa siku, ndiyo maana sauti imekwenda.

Lakini katika ubishi wote huo sijasikia mtu akitaja ugumu wa lugha. The Lion King, iliyoanza Broadway mwaka 1997, ina nyimbo nyingi za Lebo M wa Afrika Kusini, na jukwaani husikika lugha sita za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwigizaji anaweza kuyakariri maneno kwa sikio, watazamaji wakapiga makofi, na asiwepo ukumbini mtu wa kumwambia kama ameyasema sawasawa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwetu, maana kwetu mambo yalikuwa kinyume. Waliokaa ukumbini waliijua lugha kuliko waandishi.

Wazee wanakumbuka Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilitoka kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Waigizaji walikuwa wanakijiji: wakulima, vibarua, wafanyakazi wa viwandani. Jukwaa walilijenga wenyewe, wazi bila paa. Mazoezi yalifanywa hadharani, na aliyepita njia aliweza kusimama na kusahihisha.

Ndani ya mchezo huo kuna gitiro. Vijana msioijua, gitiro ni uimbaji wa wanawake wa Kikuyu kwenye sherehe za ndoa. Upande mmoja unaimba swali, upande wa pili unajibu kwa wimbo, kwa mafumbo na kejeli. Lazima ujue nani anamwambia nani nini, na kwa adabu ipi. Ngugi, profesa mzima wa fasihi, ameeleza kwamba maneno ya sehemu hiyo yalitoka kwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye alitamka, wao wakaandika, neno kwa neno.

Sasa mlinganisheni na Amy. Huo wa Amy ni wimbo wa harusi, na gitiro ni wimbo wa harusi. Wa Amy umeandikwa noti kwa noti. Mwenye bidii anaununua na kuufanyia mazoezi. Gitiro ilikuwa imehifadhiwa katika vichwa vya akina mama. Ukimkosa mama huyo, huna wimbo.

Na kulikuwa na ugumu mwingine ambao Broadway hawaujui. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaupiga marufuku. Tarehe 31 Desemba Ngugi akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Wanakijiji hawakunyamaza. Mwaka 1982 walitayarisha Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, mchezo uliojaa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, kuhusu enzi za kipande. Mwezi Februari walikuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa. Wakahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mazoezi hayo hadi nayo yalipozuiwa. Mwezi Machi jukwaa la Kamiriithu likabomolewa.

Ngaahika Ndeenda ilirudi, Mei 2022, katika ukumbi uleule wa Kenya National Theatre. Ngugi alifariki Marekani mwezi Mei 2025.

Kwa hiyo, shangazi, jibu langu ni hili: wimbo mgumu kuliko yote ni ule ambao anayeujua anazeeka na hakuna aliyekaa kumsikiliza. Kukhu alituacha mwaka juzi, na nyimbo zake za mavuno zikaenda naye. Nani kati yetu anaweza kuimba hata mmoja mpaka mwisho? Majirani zetu wengi hapa Westmead ni Wahindi, na Jumamosi naona watoto wao wakipelekwa kufundishwa nyimbo za nyanya zao. Wangu anajua za Broadway.

Shosho bado tunaye kule Njoro, na nasikia katika ujana wake alikuwa mkali wa gitiro. Naomba mtakaokwenda Krismasi mkae naye, mumrekodi kwa simu, na mumwulize maana ya kila fumbo, msichukue sauti tu. Nitumieni. Binti nimeshamwambia, naye amekubali kujaribu, sauti ikirudi.

Msalimieni Shosho. Nasubiri majibu yenu.